Sh60 kwa siku si bei ya simu

Ukishuka kwa 126 hapa Kiserian, kabla hujafika sokoni utakuwa umepita bango moja au mawili ya simu. Simu inang'aa, jamaa anatabasamu, na kuna namba imeandikwa kubwa kuliko jina la simu yenyewe: Sh60 kwa siku. Au 50. Au 75. Namba hiyo inaingia kichwani haraka kwa sababu Sh60 ni pesa unayoijua. Ni chapati mbili na chai. Unajiambia, hata siku ikiwa mbaya namna gani, hiyo sitaikosa.

Sasa nisikilize. Hiyo si bei. Hiyo ni kipande cha bei, tena kile kisichouma. Hoja yangu leo ni moja tu: sisi vijana wa mtaani tunalinganisha vifaa kwa namba isiyofaa. Tunaangalia kamera, tunaangalia RAM, tunaangalia pesa ya kutoa leo. Namba ya kulinganisha ni jumla ya pesa zitakazotoka mfukoni mwako mpaka siku kifaa kitakuwa chako kabisa na kinafanya ile kazi uliyokinunulia. Tuiite bei ya mwisho.

Tuanze na hiyo simu. Chukua kalamu. Tuseme inauzwa Sh13,000 ukilipa taslimu. Kwa mkopo unaweka Sh3,000, halafu Sh60 kila siku kwa mwaka mmoja. Sh60 mara 365 ni Sh21,900. Ongeza ile 3,000 ya kwanza, umefika Sh24,900. Yaani umelipia karibu simu mbili na uko na moja.

Sasa geuza hesabu. Ile 3,000 iache kwenye akiba na uweke Sh60 hizo hizo kila siku. Elfu kumi iliyobaki itatimia baada ya siku 167, miezi mitano na nusu hivi. Baada ya hapo simu ni yako, hakuna wa kuifunga, na miezi sita na zaidi ya Sh60 inabaki kwako.

Sisemi mikopo ya simu ni uovu. Biashara hii ina historia yake nzuri. M-KOPA ilianza na sola za kulipia kidogo kidogo mwaka wa 2012, na Julai 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, simu za 4G za kulipia Sh20 kwa siku. Kuna watu wengi walitoka kwenye kabambe kwa njia hiyo. Na kuna msee ambaye mkopo unamfaa kabisa: wa boda anayepokea oda kwa programu, au dada anayeuza nguo kupitia WhatsApp. Kama simu inakuletea Sh300 kwa siku, kutoa 60 kati ya hizo si shida. Kungoja miezi mitano ndiko kungekuwa hasara.

Lakini kama simu ni ya TikTok na eFootball, hali ni nyingine. Ukikosa malipo, simu inajifunga. Na siku gani utakosa Sh60? Ni siku ambayo huna kazi. Yaani simu inafungwa siku ile ile unamtafuta mtu wa kukupa kibarua. Hilo halipo kwenye bango.

Tukiwa bado kwenye simu, kuna namba nyingine ya kuchunga. Unaona boksi limeandikwa RAM 16GB, unachanganyikiwa kwa furaha. Soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta ni 8+8: nane ni RAM halisi, nane nyingine imekopwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhi picha na video zako. Hiyo ya kukopwa ina mwendo wa pole. Haitafanya Call of Duty Mobile iache kukwama. Linganisha RAM halisi kwa RAM halisi, basi.

Uliza pia itapata masasisho kwa miaka mingapi. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka wa 2024, iliahidi masasisho ya miaka 6. Ukiwa na simu mbili za bei moja, moja imeahidiwa miaka 6 na nyingine muuzaji hajui hata unaongea kuhusu nini, huhitaji mtaalamu wa kukuchagulia.

Na ukinunua simu ya mkono wa pili kwa mtu, bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, ulinganishe na ile ya boksi na risiti. Muulize kama ilikuwa ya mkopo, na akuonyeshe ujumbe wa kumaliza kulipa. Simu ambayo deni lake halijaisha inaweza kufungwa ikiwa mfukoni mwako, na aliyekuuzia ashahamia Kitengela.

Haya, gemu. Najua wengi mlikuwa mnangoja hapa.

Swali la kila siku: PS4 ya mtumba ama nijikaze nichukue PS5? Jibu la mtaani ni "PS5 bro, picha ni safi". Safi kwa TV gani? Picha ya 4K inahitaji TV ya 4K. Zile TV nyingi za inchi 32 tulizo nazo kwenye bedsitter hazifiki huko. Ukiunganisha PS5 kwa TV kama hiyo, umenunua Subaru ya kwenda nayo dukani kununua maziwa.

Halafu kuna stima. PS5 ikiwa ndani ya gemu kubwa hula takriban wati 200. PS4 Slim iko chini ya wati 100. Ukicheza saa nne kwa siku, na tuseme uniti ya tokeni inakugharimu Sh30, PS5 itakula kama Sh720 kwa mwezi, PS4 Slim isizidi Sh360. Bado hujawasha TV. Kama mita ni ya ploti nzima na caretaker anawagawia bili, jiandae kwa mkutano.

Kubwa zaidi ni CD. PS5 zinauzwa za aina mbili, yenye mahali pa kuingiza CD na ile ya Digital isiyo nayo. Digital ni rahisi kidogo, ndiyo maana inavutia. Lakini kila gemu utaishusha kwa intaneti, na gemu kubwa siku hizi hupita GB 50, nyingine GB 100. Kama ploti yenu ina waifai ya kulipia kwa mwezi, sawa. Kama unategemea bando, angalia kwanza GB 100 ni pesa ngapi kwa laini yako, kisha ujiulize kama ulikuwa umeiweka kwenye hesabu. Tena CD ukiichoka unaiuza, au unabadilishana na jirani. Gemu ya kushusha imekwama kwa akaunti yako.

Toleo jembamba la mwaka wa 2023 linaruhusu kununua kisoma CD kando na kukibandika, ila siku ya kukifunga lazima uwe na intaneti. Na PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 huja bila kisoma CD kabisa, pamoja na ughali wake wote. Kwa hivyo mtu akikuuzia, usiulize tu kama ni PS5. Uliza ni ipi.

Sasa niwe mkweli, maana kuna upande wa pili. Kama unacheza mpira tu, PS4 bado iko ligi: EA imeendelea kutoa FC kwa PS4 hadi FC 26. Lakini Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, haipo kwa PS4. Huyu Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, mnayemjua kama QueenArrow, alijenga jina kwa Tekken 7, gemu ambayo PS4 iliibeba bila shida. Anayetaka kufuata njia hiyo leo hana budi kuwa na PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu. GTA VI nayo imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, PS4 imeachwa nje. Kwa hivyo taja gemu kwanza, ndipo utaje mashine. Watu wengi hufanya kinyume, wananunua mashine halafu wanacheza mpira ule ule.

Kuna chaguo la tatu ambalo hakuna anayelitaja kwa sababu halina sifa mtaani: usinunue. Tuseme PS4 ya mtumba ni Sh25,000, na kwenye kibanda cha PS mechi moja ni Sh20. Ukicheza mechi tatu Jumamosi na tatu Jumapili, hiyo ni Sh120 kwa wiki. Itakuchukua wiki 208 kufikisha bei ya PS4. Miaka minne! Na hapo stima si yako, TV si yako, pedi ikiharibika si yako, na wapinzani wako hapo hapo. Kununua kunaanza kuwa na maana kama unacheza kila siku, au kama wewe ndiye unataka kufungua kibanda.

Mwisho, laptopu. Hapa ndipo pesa inaweza kurudi, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu hapo laptopu ya "ex-UK", zile zilizotumika Uingereza zikaletwa huku, ndiyo inanilipia nyumba. Naandika, nanakili sauti za watu kuwa maandishi, nalipwa. Simu nzuri ya mkopo haingeniwezesha kufanya hivyo kwa saa nane.

Ukienda mjini, Luthuli au Moi Avenue, utaonyeshwa laptopu mbili zinazofanana kama mapacha, moja ikiwa nafuu kwa elfu tano hivi. Usiangalie rangi. Angalia jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, hiyo 6 baada ya kistari inamaanisha kizazi cha 6. Ukiona i5-8350U, ni cha 8. Kwa nini ujali? Kwa sababu Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. ThinkPad T480 nyingi ni cha 8, na kwa macho ni vigumu kuitofautisha na T470. Ile ya bei nafuu inafaa ukiwa tayari kutumia Linux, ambayo ni ya bure. Kama mteja wako anataka Windows iliyo salama, hiyo elfu tano uliyookoa utaitoa tena.

Betri pia ipime hapo hapo dukani. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, halafu ufungue ripoti inayotokea. Itakuonyesha betri ilitoka kiwandani ikibeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, punguziwa bei au uondoke. Mwaka wa 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani Agosti, Novemba na Desemba. Siku kama hizo, laptopu yenye betri mbovu ni sahani tu.

Na usisahau nauli. Ukinunua mjini na ikaharibika ndani ya waranti, utapanda gari kwenda, utapanda kurudi, pengine mara tatu, na kila mara umepoteza siku ya kazi. Duka la hapa Kiserian likikuuzia kwa Sh800 zaidi, na mwenyewe unamjua na hupita mlango wake kila jioni, huenda hilo ndilo rahisi.

Lakini hesabu isiwe kazi yetu peke yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kama ni hivyo, kwa nini Sh60 iandikwe kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya Magadi Road, na Sh24,900 isiandikwe popote? Mimi naona bango lolote linalotaja bei ya siku lilazimishwe kutaja jumla, kwa herufi za ukubwa ule ule. Halitamzuia mtu kukopa. Litamwezesha kukopa akijua.

Mpaka siku hiyo ifike, jukumu ni lako. Muuzaji akikwambia, "Boss, ni Sh60 tu," muulize: mpaka lini, na zote pamoja ni ngapi? Mwambie akuandikie kwa karatasi. Akikuandikia, enda ulinganishe na duka la pili. Akianza kukuonyesha kamera, mwambie utarudi, halafu uende ukanywe hiyo chai na chapati zako mbili.