Yakuti ya Longido na Mkono wa Mchongaji
Miongoni mwa vito vya rangi vinavyochongwa kwa mkono kwa ajili ya mapambo ya kuagizwa kwa sonara, ni vichache vinavyompima fundi kama jiwe la Longido, kaskazini mwa Tanzania, ambamo yakuti nyekundu imejikita ndani ya zoisaiti ya kijani, yaani madini ya jamii moja na tanzanaiti. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, yakuti ina 9 ilhali zoisaiti haizidi 7. Kwa hiyo gurudumu dogo lenye unga wa almasi, linalomwagiwa maji ili jiwe lisipate joto na kupasuka, hula kijani upesi na kuiacha nyekundu ikichomoza. Fundi hodari, na hapa ndipo ustadi wake unapostahili heshima kubwa, huzisoma rangi kabla ya kuligusa jiwe, kisha huufanya wekundu kuwa ua na kijani kuwa jani. Mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, umejijengea jina kwa sanaa hii kwa karne nyingi, lakini Arusha nako Kituo cha Jemolojia Tanzania hufundisha usanifu wa vito, na masonara wa Afrika Mashariki wanapaswa kuwapa kazi mafundi wa nyumbani kwanza.