Deni la zamani likiuzwa, nani alipwe?

  

Ndugu Waislamu, baada ya swala ya Ijumaa huko Busisi alitujia mama mmoja mtu mzima, simu mkononi. Kwa miaka mingi aliwauzia samaki wa kukaanga abiria waliosubiri kivuko cha kwenda Kigongo. Tangu daraja lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, magari yanapita bila kusimama na biashara yake imepungua. Lakini lililomleta kwetu lilikuwa jingine. Mwaka 2018 alikopa shilingi 400,000 kwa mkopeshaji mmoja wa mjini. Alirejesha 250,000, kisha ofisi ile ikafungwa na mwenyewe asionekane tena. Sasa anapigiwa simu na mtu asiyemjua anayesema, "Deni lako tumelinunua," naye anadai 720,000. Alipokawia kujibu, mtu yule akampigia mkwewe. Wenye wakwe wanaijua aibu hiyo.

"Shehe," akauliza, "nimlipe huyu? Na nisipomlipa, nitakufa na deni?"

Swali la pili ndilo zito, basi tulianze. Sheria ya Ukomo ya nchi yetu, Sura ya 89, imeweka miaka 6 kwa madai yatokanayo na mkataba. Ikipita, mdai hupoteza njia ya kwenda mahakamani. Wapo wanaofurahi kusikia hivyo na kudhani wamesamehewa. La hasha! Katika Sharia haki ya mtu haifi kwa kupitiwa na miaka. Sote tunaijua habari ya maiti aliyeletwa kuswaliwa, na Mtume (S.A.W.) akajizuia kumswalia kwa sababu ya deni, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba. Mama yetu anadaiwa shilingi 150,000 zilizobaki katika rasilimali. Ziada iliyorundikwa juu yake ni riba, wala hakuna wa kutuambia kuwa riba hugeuka haki kwa kukaa muda mrefu.

Je, amlipe nani? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Biashara ya kununua madeni imeshamiri sana katika nchi za wenzetu. Ripoti ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa kampuni kubwa za biashara hiyo zilinunua madeni ya zamani, mengi yakiwa ya kadi za mkopo, kwa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni, na mara nyingi bila kupewa nyaraka za kuyathibitisha. Mtu anatoa senti nne, kisha anamwendea mdaiwa kutaka dola nzima! Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Bahrain mwaka 1998, lilikataza kumuuzia mtu wa tatu deni lisilofika muda wake kwa fedha taslimu ya jinsi ileile, kwa kuwa huingiza riba. Hawala ni jambo jingine: mdaiwa humwelekeza mdai wake kwa mtu atakayemlipa, kiasi kilekile bila ziada wala punguzo la kibiashara.

Kwa hiyo tulimwambia mama asilipe kwa sauti ya simu. Aombe hati yenye jina la mkopeshaji wa kwanza, kiasi kilichobaki, na uthibitisho kwamba huyu ametumwa naye. Asitie saini karatasi yenye 720,000, maana kukiri deni kwa maandishi huweza kuihuisha hesabu ya miaka iliyokwisha. Akithibitisha kuwa ametumwa kupokea, alipwe ile 150,000 kwa awamu, mbele ya mashahidi, na risiti itolewe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika na kushuhudisha. Aya ya 280 ya sura hiyohiyo inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe.

Jambo moja tulilisisitiza mno: asikope kwingine ili alipe hapa. Mikopo inayoitwa kausha damu imeingia majumbani mwetu kwa mlango huo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ama kumpigia mkwe, hilo ni udhalilishaji, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayompa aliyetendewa hivyo mahali pa kulalamika.

Na ikiwa mkopeshaji wa kwanza hapatikani? Atafutwe yeye, na kama amefariki, warithi wake. Wakikosekana kabisa baada ya juhudi ya kweli, wanazuoni wamesema itolewe sadaka kwa niaba ya mwenye haki, kwa nia ya kumlipa pindi atakapojitokeza.

Mama alituma ujumbe wa kuomba hati. Wiki tatu zimepita na simu haijalia. Hata hivyo anaweka shilingi elfu tano kila Jumamosi kwa binti yake, na deni amelitaja katika wasia wake. Mkwe yule aliyepigiwa simu ndiye anayezunguka Mwanza sasa kumtafuta mkopeshaji wa zamani.