HIJA AU MATEMBEZI?

Mwaka jana nilisafiri Pwani kwa siku mbili na vijana wa kanisa letu. Mama aliuza kuku watatu nipate nauli.

Pale Rabai, ambapo Krapf na Rebmann walianzisha misheni mwaka wa 1846, tulikaa nusu saa tu. "Haya, twende zetu, bahari inangoja!" wakubwa wakasema. Kengele ya Frere Town, walikokaa watumwa waliokombolewa, tuliiona kupitia dirisha la basi. Ufuoni je? Mchana kutwa!

Sisemi bahari ni mbaya. Hata mimi niliingia majini nikacheka. Lakini tusiite hiyo hija. Baadaye nilisoma maktabani kwamba Krapf alizika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka wa 1844, muda mfupi baada ya kufika Mombasa. Hakuna aliyetuambia.

Maoni yangu ni haya: tusome kwanza, ndipo tusafiri, tena tusikimbie. Niliporudi mama aliniuliza, "Umeona nini, mwanangu?" Nikamsimulia mawimbi. Akanyamaza.

Kweli, haraka haraka haina baraka.