Mkono Uliochora Usisahauliwe

Wako wanaodhani kuwa hadithi za picha ni mchezo wa watoto: gazeti husomwa asubuhi, jioni likafungiwa bajia. Mimi sina ugomvi na mfungia bajia, maana gazeti ni nakala na nakala ni nyingi. Ninalotaka kulisema ni juu ya ile karatasi ya kwanza, aliyoichora mtu kwa kalamu, wino na rangi kabla haijapelekwa mitamboni. Hiyo ni moja tu, na ikipotea haina badala.

Mtazameni Frank Hampson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1918. Tarehe 14 Aprili 1950 lilitoka Uingereza gazeti la watoto la kila wiki, Eagle, lililoanzishwa na kasisi Marcus Morris. Ukurasa wa mbele ulikuwa na hadithi ya Dan Dare, rubani wa vyombo vya angani, na aliyembuni ni huyo Hampson. Toleo la kwanza liliuza nakala zipatazo 900,000.

Walakini kazi ile haikuwa ya kuchorachora tu. Hampson alikuwa na wasaidizi, na kabla ya kushika rangi huvalishwa watu mavazi wakapigwa picha, ili mkunjo wa nguo na kivuli cha uso viwe sawasawa. Baba yake mwenyewe alikuwa kielelezo cha Sir Hubert, mkubwa wa Dan Dare. Vyombo vya angani navyo viliundwa mifano yake, mchoraji akaitazama kila upande. Taabu yote hiyo ilikuwa kwa kurasa mbili za rangi kila wiki.

Je, mwenye jasho alipata nini? Alipata mshahara. Hakimiliki ya Dan Dare ilikuwa ya mchapishaji, Hulton Press. Vitu vya kuchezea vyenye jina la Dan Dare vikajaa madukani, na mbunifu hakuwa na fungu lake. Michoro nayo ikabaki kwa mchapishaji. Mwaka 1959 kampuni ikauzwa, na Hampson akaachana na Dan Dare. Akachora maisha ya Nabii Isa kama Wakristo wayasimuliavyo, kazi iliyotoka 1960 na 1961. Baadaye akawa fundi wa michoro katika chuo cha Ewell. Mwaka 1975 wajuzi waliokutana Lucca, Italia, walimtukuza kuwa bingwa wa sanaa hiyo. Alifariki mwaka 1985. Leo karatasi zake zilizosalimika huuzwa kwa maelfu ya pauni.

Mtu ataniambia: mchapishaji ndiye aliyetia mali yake, na hasara ingekuwa yake. Ni kweli, nami simnyimi faida. Lakini haki ya kupiga chapa ni kitu kimoja, na karatasi yenyewe ni kitu kingine. Aliyenunua ruhusa ya kunakili asihesabiwe kuwa kanunua na kazi ya mkono, ila wawili hao wamekubaliana waziwazi na bei ikatajwa.

Washairi wetu wa kale walilitambua jambo hili. Aghalabu mtunzi wa utenzi hutaja jina lake mwishoni, na pengine mwaka alioutunga, ili mnakili asije akajifanya mwenyewe. Mchoraji naye ana haja ya beti zake za mwisho, nazo ni mkataba.

Sheria imeanza kuamka. Uingereza, tangu 2006, msanii aliye hai hupata fungu kazi yake inapouzwa tena na wafanya biashara ya sanaa kwa bei iliyofikia kiwango cha sheria. Na tangu 2012 warithi nao wamo. Kwetu Kenya, sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 ilimwekea msanii asilimia 5 ya bei ya kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Lakini sheria haimsaidii asiyejua kuwa anayo.

Basi, enyi vijana mnaochorea magazeti na vitabu, kabla ya kutia sahihi ulizeni mambo matatu: ninauza nini, kwa muda gani, na karatasi yangu itarudi lini? Nanyi wahariri, ikisha kupigwa chapa, mrudishieni mchoraji mchoro wake. Ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.