Korosho Hulipa Mara Moja, Gari Hudai Kila Mwezi



Kila mwaka minada ya korosho inapoanza, na fedha za wakulima kuanza kuingia benki kupitia vyama vya msingi, miji yetu ya Masasi na Newala hubadilika sura. Mabati mapya hung'aa juu ya nyumba, posa hupelekwa, na barabarani huonekana magari ambayo kwetu ni mapya ingawa huko Japani yalikotoka yamekwisha kutumika miaka mingi: RAV4, X-Trail, Forester, Escudo. Hatuwalaumu wanaoyanunua. Anayeishi juu ya Uwanda wa Makonde anajua jinsi mchanga wa huku unavyolimeza gari la chini wakati wa kiangazi, na tope linavyolikwamisha wakati wa masika. Anajua pia maana ya kuwa na mgonjwa usiku wa manane Newala, na hospitali anayotakiwa kufikishwa ni Mkomaindo au Ndanda. Gari lililoinuka ni haja, si fahari peke yake.

Nasi tulikuwa miongoni mwa wanunuzi hao. Msimu mmoja mikorosho ilitupa zaidi ya tulivyotarajia, tukakaa mume na mke, tukashauriana kama dini yetu inavyotufundisha, tukakubaliana. Kosa letu ni kwamba tulishauriana juu ya bei tu. Fedha zote tuliziweka katika gari, tukabakiza nauli ya kwenda Dar es Salaam na mafuta ya kurudia.

Muuzaji alikuwa na maneno mazuri. Gari lilikuwa limeoshwa hadi injini ikameremeta, na tulipofika tulilikuta limekwisha kuwashwa na kupata joto. Hatukuuliza kwa nini.

Miezi mitatu ya kwanza tulifurahi. Mwezi Machi, tukipanda kutoka Masasi kwenda Newala, gari likaanza kusita mlimani: injini inanguruma, mwendo hakuna. Fundi akatuambia kwamba giaboksi imechoka, na uchovu wake haukuanza jana. Gharama aliyoitaja ilikuwa sawa na palizi ya shamba letu lote pamoja na salfa ya msimu mzima.

Tukaonyeshwa njia mbili. Ya kwanza ni kangomba: mtu anakupa fedha leo, nawe unamlipa kwa korosho zako ambazo hata maua bado, kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali imeipiga marufuku, na kila familia ya huku inamjua aliyevuna msimu mzima kwa ajili ya mwingine. Njia hiyo tuliikataa mapema.

Ya pili ilikuwa na utamu zaidi. Tuliambiwa tumwage mafuta ya giaboksi, tutie mengine mazito, gari litatulia kwa wiki mbili, na katika wiki hizo tuliuze. Mteja alikwisha kupatikana, mwalimu mmoja wa Masasi mwenye watoto wadogo.

Tunakiri kwamba usiku ule tulilipigia hesabu jambo hili. Tulijiambia kwamba nasi tulidanganywa, na kwamba kila anayenunua gari lililotumika anajua hatari yake. Ndipo mmoja wetu akasema: "Aliyetuuzia sisi tumemshitaki kwa Mwenyezi Mungu. Yule mwalimu naye atamshitaki nani?" Mazungumzo yakaishia hapo. Tulikumbuka habari ya Mtume (SAW) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula na kukuta majimaji chini, akamtaka mwenye mali ayaweke juu watu wayaone. Giaboksi yetu ndiyo iliyokuwa majimaji ya chini.

Tulimweleza mwalimu kila kitu. Alitushukuru, akaenda zake, wala hakurudi kununua. Gari likakaa chini ya mwembe mpaka korosho za msimu uliofuata zilipouzwa, nasi tukarudi kwenye basi na bodaboda. Watoto walitaniwa shuleni. Lakini shamba lilipaliliwa, salfa ikapigwa kwa wakati, na korosho zilizotengeneza gari zilikuwa zetu wenyewe.

Kwa hiyo, wenzetu mnaotaka kununua msimu huu, kwanza igaweni fedha kabla ya kumwona dalali. Tengeni ya palizi, ya salfa na ya mahitaji ya shule ya Januari. Kinachobaki msikimalize katika bei; wekeni akiba ya matairi, bima na fundi. Ikiwa haitoshi, gari hilo bado si lenu mwaka huu.

Pili, nendeni na fundi wenu, asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kwa kuwa ikiwa ya baridi haina la kuficha. Rejeta ifunguliwe kabla injini haijawashwa. Maji yenye mafuta ni dalili mbaya. Mafuta ya giaboksi yakiwa meusi na yananuka kuungua, ondokeni. Msiamini mileji pekee, tazameni pedali na usukani vilivyolika. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne liwe na matairi ya kipimo kimoja, yaliyolika sawasawa. Kisha mlipandishe mlima, kwani tambarare hufichua machache.

Tatu, angalieni kadi ya gari na faini za barabarani, na umiliki ubadilishwe TRA bila kuchelewa. Anayeagiza kutoka nje akumbuke kwamba gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu.

Na siku ya kuliuza itakapofika, mwambieni mnunuzi kasoro zake kabla hajatoa fedha. Yule mwalimu tulikutana naye tena Masasi baada ya swala ya Ijumaa. Alitupa mkono, akatuuliza hali ya gari, nasi tukaweza kumtazama usoni.

Wabillahi tawfiq.