Kompyuta Inapomwita Mtu Asiyekuwapo

Huenda umepata kuwasha kompyuta asubuhi, ukangoja picha uliyoizoea itokee, na badala yake kikachomoza kijidirisha chenye kichwa RunDLL na maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba faili fulani limeshindwa kuanza kwa kuwa halikuonekana mahali pake. Jina la faili lenyewe ni mchafuko wa herufi na tarakimu ambao hakuna mzazi angempa mwanawe. Ukibonyeza OK kijidirisha hutoweka, kompyuta huendelea na kazi kana kwamba hapana lililotukia, na kesho yake asubuhi kiko palepale.

Wengi waonapo hivyo huamini kwamba kompyuta imekwisha, wakaibeba hadi kwa fundi wa mtaani. Naye fundi, aghalabu kijana mwenye foleni ndefu ya wateja, hutoa hukumu moja: "Hii ipigwe windo." Maana yake ni diski isafishwe na mfumo wa Windows upandwe upya. Kazi hiyo anaifahamu vizuri na malipo yake yanajulikana, kwa hiyo simlaumu sana. Lakini katika kusafisha huko, ikiwa hakuna aliyetangulia kunakili mafaili, huondoka kila kitu. Fikiri mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambaye hesabu za miaka mitatu zimo ndani ya kompyuta hiyo moja: nani kaweka, nani kakopa, nani bado hajarejesha. Kwa ajili ya kijidirisha ambacho pengine kingeondolewa kwa dakika kumi, wanachama wataanza kutazamana kwa macho ya shaka.

Yafaa basi kueleza kijidirisha hicho kinasema nini hasa. Kila kompyuta inapoamka huwa na orodha ya programu za kuita, kama karani wa zamu kiwandani aitaye majina ya wafanyakazi saa moja asubuhi. Programu ya hujuma, ambayo wengi huiita kirusi, hujipenyeza na kujiandikisha katika orodha hiyo ili iamshwe kila siku bila kuombwa. Siku moja programu ya ulinzi inamkamata mhujumu na kumfuta. Jina lake, hata hivyo, mara nyingi husalia katika orodha. Kesho yake karani anaita, haitikiwi, anaita tena, kisha anaandika taarifa kwa mkubwa wake kwamba fulani hakufika kazini. Taarifa hiyo ndiyo kijidirisha chako. Mara nyingi, kwa hiyo, ni habari ya mwizi aliyekwisha kuondolewa.

Nasema mara nyingi, si mara zote. Hata programu halali ya mashine ya kuchapia, ikiondolewa ovyo, huweza kuacha jina lake nyuma vilevile. Na wakati mwingine mhujumu amepoteza mkono mmoja tu, mwili ungali hai. Dalili zake ni kwamba jina ulilolifuta linarudi lenyewe, programu ya ulinzi inajizima, au dirisha la kusimamia kazi za kompyuta linakataa kufunguka.

Jambo la kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kunakili nyaraka na picha zako kwenye diski nyingine. Kisha iagize programu ya ulinzi ikague kompyuta nzima. Windows 10 na Windows 11 zina ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline, ambao huizima kompyuta na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka. Huchukua kama dakika 15, na faida yake ni kumkuta mhujumu angali usingizini.

Baada ya hapo ndipo ushughulikie orodha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wenye neno Startup, utazame majina na kuyazima usiyoyahitaji. Ikiwa jina la kwenye kijidirisha halimo humo, usishangae, kwani Windows ina madaftari kadhaa ya kuita majina, likiwamo la kazi zilizopangiwa saa maalumu. Microsoft hutoa bila malipo programu iitwayo Autoruns, ambayo huyakusanya madaftari hayo mahali pamoja na kuyapaka rangi ya manjano majina ambayo mafaili yake hayapo tena. Ondoa kwanza alama ya tiki tu, uwashe kompyuta upya, na ukiona mambo ni shwari ndipo ulifute jina. Usifute kwa kukisia. Jina svchost.exe, kwa mfano, ni la mtumishi halali akaaye katika folda ya System32. Mhujumu hupenda kulivaa jina hilo na kukaa mahali pengine, kwa hiyo tazama makazi kabla ya jina.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuingia kwenye intaneti kulitafuta faili lililopotea ili kulirudisha. Wapo watu waliojitengenezea biashara ya kugawa mafaili ya namna hiyo. Mtu ameshukuru mwizi kutoka nyumbani, kisha anamfuata barabarani kumwomba arudi!

Ipo hali moja nzito zaidi. Baadhi ya wahujumu hujiandika katika mstari unaomfungulia mtumiaji mlango baada ya neno la siri. Mhujumu akifutwa na mstari usirekebishwe, unaingia na papo hapo unatolewa nje, tena na tena. Hapo fundi anahitajika. Mwambie aiwashe kompyuta kwa flashi yake, anakili mafaili yako kwanza, kisha aurekebishe mstari huo. Na ikiwa kila kilichofutwa kinarudi, basi kupiga windo ndiyo dawa yenyewe, mradi nakala zipo. Maneno ya siri ya benki na barua pepe yabadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi.

Hila ya kuvizia wakati wa kuamka ni kongwe. Kirusi Brain cha mwaka 1986, kilichoandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, kilijificha katika sehemu ya diski laini inayosomwa kwanza kompyuta inapowashwa. Kwetu sisi kipando kilichozoeleka ni flashi, hasa ile iendayo kuchapisha barua katika duka la vifaa vya ofisi na kurudi na wageni. Mwaka 2009 Windows 7 ilizuia flashi isijianzishie programu yenyewe, na mwaka 2011 Microsoft ikapeleka zuio hilo kwa Windows XP na Vista. Wahujumu wakageukia njia nyingine: wanazificha folda zako na kuweka vikato vya mkato vyenye majina yaleyale, ili ubonyeze mwenyewe. Ukiona folda imeota kishale kidogo pembeni, usiibonyeze, ikaguliwe kwanza. Barua za kuchapwa ni heri zitumwe dukani kwa barua pepe. Pasipo na njia hiyo, itengwe flashi moja ya kwenda dukani tu, isiyobeba hesabu za kikundi.