Riwaya za Mahaba na Hapana ya Mwanamke

NENO KUTOKA MASAKU
Na Mwalimu Kyalo wa Iveti

Kila shule zinapofungwa, na watoto wa bweni wanaporejea makwao Kathiani, Mwala, Kangundo na hapa mjini Machakos na masanduku yao ya bati, aghalabu hutokea mzazi mmoja au wawili wakanijia na malalamiko yale yale: kwamba ndani ya sanduku la binti, chini ya sare na madaftari, kimeonekana kitabu cha mapenzi, nacho kina busu ukurasa huu na kitanda ukurasa ule, na je, mwalimu, taifa hili linakwenda wapi? Mimi huwasikiliza kwa taadhima, maana uchungu wa mzazi si jambo la kufanyiwa dhihaka. Lakini nikiisha kuwasikiliza huwauliza swali ambalo sijapata bado mzazi aliyekuwa amelifikiri kabla ya kunijia: katika kitabu hicho, yule mwanamke aliyebusiwa alitaka kubusiwa?

Hapo ndipo penye ila, wala si penginepo. Asomaye riwaya hizi anaijua njia yao hata kabla ya kufungua jalada: mwanamume mwenye mali na kiburi, ambaye hasira yake husifiwa kuwa ni nguvu, msichana mnyonge, aghalabu yatima au mfanyakazi wake, asiye na pa kukimbilia, mkono unakamatwa, mlango unafungwa, msichana anasema hapana, na hapo mwandishi, kana kwamba ni wakili aliyelipwa na yule bwana, hutunong'oneza kwamba kinywa kilikataa bali moyo uliridhia. Baada ya machozi ya sura kadha wa kadha huja harusi, na harusi ikisha kufungwa, yote yaliyotangulia, vitisho na kufungiwa na kushikwa kwa nguvu, hubadilishwa jina yakaitwa uchumba.

Nasaba ya hadithi hii ni ndefu, nami nitaipita upesi. Mwaka 1740 Samuel Richardson, mpiga chapa wa London, alitoa riwaya ya Pamela, kijakazi wa miaka 15 ambaye bwana wake humnyemelea, humteka na kumfungia katika nyumba ya mbali, kisha, aliposhindwa kumpata kwa hila na kwa mabavu, akamwoa; na bibi arusi akashukuru. Mwaka 1919 mwanamke wa Kiingereza, E. M. Hull, aliandika The Sheik, ambamo binti wa Kiingereza anatekwa jangwani na shekhe, ananajisiwa, na mwishowe anampenda mtekaji wake. Miaka miwili baadaye ikawa sinema iliyompa Rudolph Valentino sifa ya dunia nzima. (Mwisho wa kitabu hicho hugunduliwa kwamba shekhe si Mwarabu hata kidogo, bali ni mtoto wa mkuu wa Kiingereza, kwa hiyo kilichomtia mwandishi haya hakikuwa kunajisiwa kwa mwanamke, kilikuwa rangi ya bwana arusi.) Na mwaka 1972 huko Marekani Kathleen Woodiwiss alitoa The Flame and the Flower, ambamo shujaa humnajisi bikira kwa kumdhania malaya, kisha akawa mume wake mpenzi, na kitabu kikauzwa kwa mamilioni. Mills & Boon, jumba la vitabu la London lililoanzishwa mwaka 1908, nalo likawa na mabwana wake wengi wa kukamata mikono, ambao walifika mabwenini kwetu na kuazimwa kitanda hadi kitanda mpaka majalada yakang'oka.

Sasa tuje nyumbani, maana Ukambani imetoa mtu wake katika jambo hili. David Maillu alizaliwa mwaka 1939 huko Kilungu, ambako siku hizo kulikuwa ndani ya wilaya yetu ya Machakos na leo ni Makueni. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipoona wachapishaji wakubwa wa Nairobi wanataka vitabu vya madarasani tu, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akawaandikia makarani, makondakta, wapiga taipu na walevi vitabu vyembamba walivyovinunua kwa pupa. Kimojawapo ni After 4.30, cha mwaka 1974, kilichoandikwa kwa mtindo wa utenzi. Saa hiyo ya kwenye jalada ni ile ambayo ofisi za Nairobi zilikuwa zikifungwa jioni, ambapo mkuu wa ofisi, akijua fika kwamba mpiga taipu wake ana mtoto wa kulisha na kodi ya chumba ya kulipa, huanza kumdai malipo yasiyoandikwa katika mkataba wowote wa kazi.

Wakosoaji wa wakati ule, na wengi wao walikuwa wasomi wa vyuo vikuu, walikiita kitabu hicho takataka. Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vya Maillu katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Wahubiri nao wakapata la kuhubiri. Sisemi kwamba walikosa hoja kabisa. Maillu hana staha, hurudia neno moja mpaka likachujuka, na pengine huonekana akistarehe na yale yale anayoyalaani. Lakini nionyesheni kitabu kingine cha siku hizo kilichomwacha mwanamke mfanyakazi aseme kwa kinywa chake, bila kupambwa na mtu, kwamba anayemwita mpenzi ni yule yule awezaye kumfukuza kazi kesho, na kwamba ridhaa inayotolewa mbele ya njaa ya mtoto si ridhaa. Mdhibiti aliona matiti yaliyotajwa. Hakuona mkono wa bosi. Na yule mtekaji wa jangwani, kwa kuwa mwandishi wake aliufunga mlango wa hema kwa adabu kabla mambo hayajatokea, aliendelea kupita mabwenini salama salimini.

Wala Maillu hakuwa peke yake katika bahati hiyo mbaya. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku shuleni Tanzania, kikarudishwa baadaye na kusomeshwa. Na kisa chake ni cha msichana ambaye baba yake alimpiga kwa sababu ya barua moja tu ya mvulana, akamkinga na wanaume wote wa dunia pasipo kumfundisha namna ya kumkataa hata mmoja, mpaka alipokutana na Bwana Maendeleo, mtu wa cheo na wa maneno matamu, akawa hana silaha. Nadhani hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeonyesha kwa insafu zaidi kwamba fimbo ya baba na hila ya mtongozaji hufanya kazi moja, maana zote mbili humzoesha binti kuamini kwamba uamuzi juu ya mwili wake ni shauri la mtu mwingine. Kitabu hicho nacho kilihukumiwa kwa sababu ya vitanda vyake.

Kwa hiyo mzazi akiniambia kwamba dawa ni kupiga marufuku, namjibu kwamba dawa hiyo tumekwisha kuinywa, na kila mara imemkamata shahidi ikamwachilia mtuhumiwa.

Wako watakaonijibu kwamba riwaya ni ndoto tu, na kwamba msomaji wa kike si mpumbavu. Anajua tofauti ya shekhe wa kitabuni na jirani mlevi. Hoja hii ina uzito, nami naiheshimu. Janice Radway, msomi wa Kimarekani aliyewahoji wanawake wasomao riwaya hizi na kutoa kitabu chake mwaka 1984, aliwakuta wakizichukia hadithi ambamo shujaa wa kike hunajisiwa au kuteswa. Walitaka mwanamume ajifunze upole, na ubabe walikuwa tayari kuusamehe pale tu ulipoelezwa kuwa umetokana na kutoelewana. Basi wasomaji hawana ugonjwa. Linalonitia wasiwasi ni ile samahani yenyewe, ule ufundi wa mwandishi wa kuugeuza ubabe uwe kosa dogo la kufahamiana, kwa kuwa samahani hiyo hutoka kitabuni ikaingia barazani, na kutoka barazani ikaenda mbali zaidi.

Imewahi kufika Bungeni. Mwaka 2006 Njoki Ndung'u, ambaye wakati ule alikuwa mbunge wa kuteuliwa na leo ni jaji wa Mahakama ya Juu, aliwasilisha mswada wa makosa ya kijinsia, na katika mjadala wake mbunge mmoja mwanamume akadai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huwa na maana ya ndiyo. Wabunge wanawake wakainuka, wakatoka nje ya ukumbi. Mheshimiwa yule alikuwa akisimulia, bila ya kujua, sura ya kumi ya riwaya yoyote ya mahaba, ila tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatunga sheria.

Hata hivyo mswada ulipita, na Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, katika kifungu chake cha 42, inasema kwamba mtu ameridhia iwapo amekubali kwa kuchagua, naye ana uhuru na uwezo wa kufanya uchaguzi huo. Natamani maneno hayo yasomwe katika kila darasa la fasihi kabla mwanafunzi hajaulizwa habari za maudhui na wahusika, maana ni kipimo bora cha mhakiki kuliko vingi tunavyowakaririsha. Kifungu kinachofuata kinahesabu miongoni mwa shuruti si nguvu na vitisho pekee bali pia matumizi mabaya ya mamlaka. Yaani bosi wa saa kumi na nusu jioni, aliyetajwa na mtu wa Kilungu katika kitabu kilichoitwa takataka, ilibidi angoje miaka 32 ndipo akatajwa na sheria ya nchi.

Kwa kipimo hicho, hadithi ya mapenzi iliyo bora katika Kiswahili naiona kuwa ni Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin ana miaka 15, naye anaozwa Bwana Raza wa miaka 52, pale Unguja wakati wa Waingereza. Tazameni jinsi Shafi alivyoipindua nasaba ya Pamela: harusi ameiweka mwanzo, na kazi yote ya kitabu ni kutoka ndani yake. Raza si dubwana. Ni mwenye duka ambaye anajitahidi kwa namna yake, na hilo ndilo linalofanya hoja iwe kali, kwani upole wa mume haumpi mke hiari aliyonyimwa siku ya kuozwa. Yasmin anakimbia, mama yake anamkataa, anahifadhiwa na Mwajuma, mwanamke maskini mwenye chumba kimoja na moyo mpana. Na mapenzi yake na kijana Denge hayaanzi mpaka amekwisha kupata mlango anaoweza kuufungua mwenyewe na kutoka. Chumba cha Mwajuma, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha riwaya ile. Ukimpa mhusika wako mahali pa kwenda akikataa, ndiyo yake itakuwa na thamani. Ukimnyima, unaandika habari za mateka, hata ukizipaka asumini na uturi.

Maillu naye alilijua hili alipokuwa katika utulivu wake. For Mbatha and Rabeka, aliyoiandikia Macmillan mwaka 1980, inamweka msichana wa kijiji cha Ukambani baina ya mwalimu aliyemwahidi ndoa na tajiri wa Nairobi mwenye ahadi za kung'aa. Na liwalo lote, anayepima na kuchagua ni Rabeka. Vijana wetu wa siku hizi, wanaotunga riwaya katika simu zao na kuzigawa sura kwa sura, wengine kwa ufundi wa kustaajabisha, wangefaidika kukisoma kitabu hicho kuliko kuiga mabilionea wa ng'ambo wanaowakodi wachumba na kuwafungia ghorofani. Nao walimu wenzangu waliosomesha Mame Bakari ya Mohammed Khelef Ghassany, katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba, wanakumbuka jinsi Sara, mwanafunzi aliyenajisiwa akitoka masomoni usiku, anavyoyahofia macho ya baba, ya shule na ya mtaa kuliko anavyomfikiria yule aliyemdhulumu. Hofu hiyo haikutoka hewani; imejengwa na hadithi nyingi, za vitabuni na za jikoni, zinazoanza kwa kuuliza msichana alikuwa wapi na saa ngapi.

Sisi Wakamba tuna mbuzi wa ntheo, ambao bila wao wazee hawaitambui ndoa, nami sina ugomvi na mbuzi hao. Ni ahadi njema baina ya nyumba mbili. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeongeza shahidi mmoja juu yao, nayo ni hiari ya wanaooana, ambao sharti wawe wametimiza miaka 18, na ikasema kwamba pasipo ridhaa iliyotolewa kwa uhuru hakuna ndoa. Mlango wa kuingilia umelindwa. Lakini ndani ya nyumba bado tunaishi katika riwaya ya kale: kifungu cha 43 cha ile sheria ya 2006, baada ya kuhesabu kwa fasaha kila aina ya shuruti, kinamalizia kwa kijifungu cha tano kisemacho kwamba hayo yote hayawahusu watu waliooana kisheria. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani imeutaja ukatili wa kijinsia ndani ya ndoa, na mwenye kudhulumiwa anaweza kuomba amri ya kumkinga. Ila amri ya kukinga si hukumu ya kosa la ubakaji.

Kaunti hii ya Machakos ina wabunge wanane na mwakilishi mmoja wa wanawake. Waheshimiwa, nawaombeni kwa hishima zote mkiondoe kijifungu hicho cha tano.